Kabureta iachwe mwisho: kutafuta hitilafu ya mafuta katika gari kuukuu la petroli

Gari kuukuu la petroli linapoanza kupoteza nguvu njiani, mafundi wengi wa hapa Tanga, kuanzia gereji bubu za Ngamiani hadi karakana zenye mabango, huikimbilia kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Boneti ikishafunguliwa, bisibisi huelekea kwenye skrubu za mchanganyiko kabla mtu hajauliza gari lilizimikia wapi, lilikuwa na mafuta kiasi gani tenkini na lilikuwa limetembea kwa muda gani. Sababu yake haifichiki: kabureta iko juu, inafunguka kwa zana chache, na mwenye gari akiiona imelala vipandevipande juu ya gazeti huridhika kwamba kazi inafanyika. Lakini kabureta ndiyo kituo cha mwisho katika safari ya petroli, na anayeanzia mwisho hawezi kujua kama kilichokosekana pale kilipotelea palepale au kilipotelea nyuma. Zaidi ya hayo, skrubu zikishazungushwa ovyo, ushahidi uliokuwapo asubuhi hauonekani tena jioni.

Rai yangu ni kwamba nyingi kati ya hitilafu tunazoziita za mafuta ni hitilafu za hewa: ama hewa imeshindwa kuingia mahali inapotakiwa, ama imeingia mahali isipotakiwa. Nitaieleza kwa kulifuata gari moja ninalolifahamu vizuri, Land Rover Series III ya mjomba wangu, ya chesisi ndefu ya inchi 109, yenye injini ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2286, kabureta ya Zenith yenye koo moja, na pampu ya mafuta inayosukumwa na kamshafti, yaani fimbo ya ndani ya injini inayofungua vali. Magari ya Series III yalitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hili lilianza maisha yake kwenye shamba la mkonge kabla ya kuhamia Chumbageni. Mengi ya nitakayoyasema yanahusu pia Peugeot, Datsun na Toyota za zama hizo, kwa kuwa mpangilio ni uleule: tenki, paipu, pampu ya kiwambo (utando mwembamba unaopanda na kushuka kuvuta na kusukuma petroli), kabureta.

Kabla ya kuifuata petroli, ni lazima kuhakikisha kwamba petroli ndiyo inayokosekana. Injini inayokosa moto wa plagi hukatika ghafla, aghalabu kwa mshindo kwenye eksozi. Injini inayokosa mafuta hufifia: husitasita mlimani, hukohoa kupitia kabureta, hupata nafuu dereva anapolegeza mguu, kisha huzidiwa tena. Njia ya haraka ya kupima ni kuvuta choki kidogo wakati gari linasuasua. Nguvu ikirudi, mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi kupita kiasi, kwa maana injini huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na choki huurudisha uwiano huo kwa kuibana hewa. Gari likishazima kabisa, vua mfuniko wa hewa na uchungulie koo la kabureta huku mwenzako akikanyaga pedali ya mafuta bila kupiga stata. Kila akikanyaga, mruko mwembamba wa petroli unapaswa kuonekana. Usipoonekana, mara nyingi bakuli la kabureta ni tupu. Plagi nazo husema kweli: zikitoka kavu baada ya stata kupigwa kwa muda, mafuta hayafiki, na zikitoka zimelowa, tatizo ni jingine kabisa. Tahadhari moja ni kuhusu kondensa, kifaa kidogo cha umeme kwenye distributa inayogawa moto wa plagi, ambayo ikianza kufa hukataa kazi inapopata joto na kuiga dalili za kukosa mafuta kwa namna ya kuudhi, kwa hiyo plagi ya akiba ya kupimia moto isikosekane ndani ya gari.

Jambo la pili ni hesabu, ambayo kwa kawaida hairukwi kwa ugumu wake bali kwa uvivu. Watu husema pampu imechoka bila kujua pampu inadaiwa nini. Land Rover ya aina hii hutumia takribani lita 18 kwa kilomita 100, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye lami ya kwenda Muheza hiyo ni lita 14.4 kwa saa, yaani chini ya robo lita kwa dakika. Kwenye mwinuko wa kupanda Amani, kwenye milima ya Usambara, mguu ukiwa umezama, mahitaji hupanda hadi kama theluthi moja ya lita kwa dakika. Pampu nzima hutoa karibu nusu lita kwa dakika injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila pedali kukanyagwa, na kasi ya injini ikipanda hutoa zaidi. Kwa hiyo mfumo una akiba ya kutosha, na paipu iliyoziba nusu haiwezi kujulikana katika barabara tambarare za mjini; itajulikana Amani. Mtu akikwambia gari lake halina tatizo ila milimani, amekwisha kukuambia kwamba petroli inafika lakini haitoshi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Vua mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa inayoonyesha, chomoa waya wa koili ili injini isiwake, kisha mwenzako apige stata. Kwa mwendo wa stata hutapata mtiririko wote, lakini kila mpigo unapaswa kuwa mzito na wa kukatika wazi, bila povu. Kazi hii ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, pasiwe na sigara wala jiko la mkaa la mama ntilie jirani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutuama kwenye shimo la gereji, mahali ambapo pua ya mtu aliyesimama haiunusi. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

Mipigo ikiwa dhaifu, sasa swali ni kama kosa liko upande wa tenki au upande wa pampu, na hapa dumu la lita tano lina thamani kuliko vifaa vingi vya kununua. Chomoa paipu inayotoka tenkini pale inapoingia kwenye pampu, weka mahali pake mpira mpya unaonyonya moja kwa moja kutoka kwenye dumu lililofungwa imara pembeni mwa injini, mbali na eksozi, kisha pima tena. Pampu ikitema vizuri kutoka kwenye dumu na vibaya kutoka kwenye tenki, huna haja ya kuigusa pampu, wala kabureta ndiyo kabisa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda kwa gari la mjomba. Fundi kijana alikuwa amekwisha kutoa hukumu: “Mzee, kabureta hii ndiyo inayokusumbua, tukanunue nyingine.” Mjomba alimjibu kwa upole wake wa kawaida: “Mwanangu, hiyo unayoiona ndiyo hiyo nyingine.” Kabureta ilikuwa mpya, na gari lilikuwa linazima vilevile. Huku kwetu vitu vingi husingiziwa uchawi, na kwenye magari mchawi wa siku zote ni kabureta. Tulipolilisha gari kutoka kwenye dumu, lilinguruma bila kusita, na kuanzia hapo macho yote yakahamia nyuma.

Jambo la kwanza kuangaliwa upande wa nyuma ni mfuniko wa tenki, kwa sababu petroli haiwezi kutoka kama hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Tenki lisilopumua huruhusu gari kwenda vizuri kwa muda, kisha ombwe huongezeka ndani yake mpaka pampu inashindwa kuvuta. Dereva husimama, husubiri, hewa hupenya polepole, gari huwaka tena, na kila mtu hushangaa. Ukifungua mfuniko mara tu baada ya gari kuzima na ukasikia mluzi wa hewa inayoingia, jibu umelipata. Sababu zake ni za kawaida sana katika mazingira yetu: mfuniko wa asili ulipotea na ukawekwa wa gari jingine usio na tundu, au tundu limejaa rangi ya mtu aliyepaka bodi bila kuziba sehemu hiyo, au nyigu wa udongo wamelifanya nyumba. Nimeona pia tenki lililofunikwa kwa mfuko wa nailoni uliokazwa kwa mpira wa baiskeli, na ufundi wake ulikuwa mzuri mno, maana hewa haikupita hata chembe. Kwa kupima, endesha kilomita chache mfuniko ukiwa umelegezwa.

Mfuniko wa mjomba haukuwa na kosa, na hapo ndipo ilipobidi kuitafuta hewa ya aina ya pili, ile inayoingia isikotakiwa. Kuna tofauti moja ambayo ikieleweka, nusu ya kazi imekwisha. Kutoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta petroli husukumwa, kwa hiyo tundu lolote upande huo litadondosha na utaliona au utalinusa. Kutoka tenkini kwenda kwenye pampu petroli huvutwa, kwa hiyo tundu upande huo mara nyingi halidondoshi chochote, linavuta hewa. Mtu anaweza kulala chini ya gari na tochi kutwa nzima akitafuta unyevunyevu, akainuka akiwa ameridhika kwamba paipu ni salama, wakati kila mpigo wa pampu unameza povu. Dawa ni kuunganisha kipande kifupi cha mpira unaoonyesha kabla ya pampu, kwa ajili ya kupima tu, kwa kuwa plastiki ya aina hiyo hukakamaa ikikaa na petroli na haifai kuachwa humo. Mapovu yakipita mfululizo, kuna mahali pananyonya hewa. Kisha sogea nyuma kiungo kwa kiungo: klipu zilizolegea, mpira uliopasuka kwenye mkunjo, nati ya shaba iliyokazwa kupita kiasi, gasketi ya kikombe cha kioo cha pampu iliyokauka. Mipira ya maji inayouzwa kwa mita isitumike hata kwa dharura, kwani petroli huilainisha kwa ndani, ngozi yake hujitenga na kulala kama vali, ikiruhusu kidogo na kufunga mvuto unapozidi, huku nje mpira ukionekana mzima.

Katika gari hili kulikuwa na dalili moja ambayo mjomba alikuwa akiisema tangu mwanzo na hakuna aliyemsikiliza: likijazwa mafuta halina shida, likifika nusu linaanza visa. Watu walimwambia anunue mafuta kituo kingine. Maelezo yake halisi yako ndani ya tenki. Katika Land Rover hii, mrija wa kuvutia petroli huingia kwa juu ya tenki na kushuka hadi karibu na sakafu yake. Kutu ikitoboa mrija huo katikati, tundu likiwa chini ya petroli halina madhara, kwani kinachoingia ni petroli vilevile. Petroli ikishuka chini ya tundu, pampu huvuta hewa kwa sababu hewa ni nyepesi kuvutwa kuliko mafuta. Mlimani petroli huegemea upande mmoja na tundu huibuka mapema zaidi. Tulipotoa mrija na kuupulizia mdomoni huku ncha yake ikiwa imezibwa kwa kidole, pumzi ilitoka ubavuni. Mrija mpya wa shaba wa milimita 8 ulikatwa, ukaungwa kwenye kichwa cha zamani na kurudishwa, na kipande cha mpira unaoonyesha kikaonyesha petroli tupu.

Tenki likiwa wazi, haifai kulifunga bila kutazama chini yake. Sisi tunaishi na pepo za bahari, na gari linaloegeshwa Raskazone au Sahare likiwa na petroli nusu tenki hukusanya unyevu upande wa ndani usiku unapopoa. Lita moja ya petroli ina uzito wa takribani gramu 740, kwa hiyo maji huzama, hutua chini, na hapo huanza kazi yake ya kutengeneza kutu. Kwenye kikombe cha kioo cha pampu maji huonekana kama tone zito lililojitenga, likitembea chini ya petroli ukilitikisa. Kutu ina dalili yake inayotambulika kirahisi: gari huzima, hukaa dakika chache, huwaka na kwenda kama vile hakuna kilichotokea, kisha huzima tena. Ni kwamba mvuto hukusanya chembe kwenye chujio la ncha ya mrija, na mvuto ukikoma chembe huanguka. Kupuliza paipu kwa kompresa kuelekea tenkini, mfuniko ukiwa wazi na pampu ikiwa imetenganishwa, huleta nafuu, lakini ni nafuu ya kufika nyumbani tu, maana taka zimerudishwa zilikotoka. Tenki litolewe, litiwe kokoto na maji, litikiswe mpaka maji yatoke safi, kisha likaushwe juani kwa uvumilivu. Kuhusu kulichomelea tenki, nitasema waziwazi kwamba tenki tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliochanganyika na hewa ndio unaolipuka, na kulisuuza kwa maji ya sabuni mara moja hakutoshi.

Pampu yenyewe haihitaji maneno mengi. Kamshafti husukuma mkono unaovuta kiwambo, na springi hukirudisha. Shinikizo linalotokana na springi hiyo ni dogo, kati ya paundi 1.5 na 2.5 kwa inchi ya mraba. Kiwambo kikipasuka, petroli hudondoka kupitia tundu dogo la mwili wa pampu au huingia kwenye oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Kikinuka petroli na kiwango cha oili kikiwa kimepanda, usiwashe injini mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe. Vali zake zikiwa na taka, petroli hurudi tenkini usiku na asubuhi stata hulia kwa muda mrefu.

Ugumu hujitokeza joto linapoingia. Petroli haina kiwango kimoja cha kuchemka; sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi na nzito hufika karibu na nyuzi 200, na upande unaovutwa, ambako shinikizo limeshuka, kuchemka huja mapema zaidi. Mchana wa Januari au Februari hapa kwetu hewa ya nje peke yake huvuka nyuzi 30, na injini ikizimwa baada ya safari joto chini ya boneti hupanda, kwa kuwa feni haipulizi tena. Hivyo gari linalosimama kidogo sokoni na kukataa kuwaka huenda lina mvuke ndani ya paipu mahali pa petroli. Weka kitambaa kilichoroweshwa maji juu ya pampu na usubiri kidogo. Likiwaka, sogeza paipu mbali na eksozi na urudishe bati la kukinga joto ambalo fundi fulani alilitupa akidai halina kazi.

Kuna lawama mbili zinazosikika sana vijiweni. Ya kwanza ni kwamba petroli ya siku hizi haina risasi. Ni kweli kwamba nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha petroli yenye risasi kufikia 2006, lakini hilo linahusu vikalio vya vali za injini, si kufika kwa mafuta. Ya pili ni kuchanganywa mafuta ya taa, na hiyo ina msingi, ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, iliweka utaratibu wa vinasaba, yaani alama maalumu za kutambulisha mafuta halali, katika mafuta. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka bila kuacha doa, mafuta ya taa huacha alama ya mafuta. Hata hivyo, petroli mbaya haiwezi kueleza gari linalokubali likijaa na kukataa likifika nusu.

Siipendi tiba ya kufunga pampu ya umeme kila pampu ya asili inapotiliwa shaka. Pampu ya umeme ikivutishwa kupitia mrija wenye tundu itavuta hewa vilevile, na zile zinazotolewa kwenye magari ya injeksheni hutoa shinikizo la paundi 40 au zaidi, ambalo sindano ya kabureta haiwezi kulizuia. Mafuta hufurika na kumwagika juu ya injini yenye joto. Anayelazimika kuifunga achague ya shinikizo dogo, aiweke karibu na tenki kwa kuwa husukuma vizuri kuliko kuvuta, na aweke swichi ya kuikata injini inapozima, ili ajali isije ikaigeuza kuwa chanzo cha moto.

Petroli ikishafika mlangoni pa kabureta kwa wingi na bila povu, na bado gari halijatulia, hapo ndipo zamu ya kabureta inapofika, na vitu vya kuangalia ni vichache. Kitikise sikioni chelezo, kile kinachoelea ndani ya bakuli na kufunga mafuta likijaa; kikisikika kuwa na petroli ndani kimetoboka, na kitazama na kuacha mafuta yafurike. Sindano inayofunga mafuta iwe haina mkwaruzo na itembee bila kukwama. Jeti, yaani vitundu vinavyopima petroli, zizibuliwe kwa hewa, kamwe si kwa waya, kwa sababu waya hupanua tundu lililopimwa kiwandani. Katika Zenith hii, uso wa kifuniko cha juu hupinda kwa miaka ya kukazwa na joto, kisha hewa hupenya kati yake na mwili; uweke juu ya kioo, na ukiyumba usugue taratibu kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo hichohicho. Funga kwa gasketi mpya, kaza skrubu kidogokidogo kwa kupishana pembe, na skrubu ya mchanganyiko uiguse injini ikiwa imeshapata joto lake la kawaida na choki ikiwa imerudi ndani kabisa.